Siku Baba Alipoisafisha Redio ya Gari

Mwezi uliopita fundi alifungua mlango wa gari langu ili atengeneze kioo kilichogoma kupanda. Alipobandua ile plastiki ya ndani, ilitoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: vumbi lililolala muda mrefu, maji ya mvua yaliyokaukia ndani ya bati, sponji kuukuu, na kitu kama grisi. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiongea kwa simu. Nikaikata. Uso ulianza kunichoma, masikio yakawa moto kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, hadi fundi akaniuliza kama jua limenizidi. Nikamwambia hapana. Sikujua ningemweleza vipi mtu nisiyemjua kwamba harufu ya ndani ya mlango wa gari, kwangu mimi, ni harufu ya aibu ya nyumbani kwetu.

Tulikaa Rumonge, kwenye mitaa iliyo juu ya soko, mahali ambapo asubuhi uliona ziwa kati ya michikichi, na hewa ikiwa safi uliona hata milima ya Kongo ng'ambo. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Wazazi wangu walikulia kambini, wakakutana kambini, wakaoana huko huko, na miaka mingi baada ya kurudi majirani bado walituita warapatriye, yaani wakimbizi waliorudishwa. Walitujua kwa Kiswahili chetu. Tulisema "mtoto" pale wao waliposema "mutoto," tukasema "kuna" waliposema "iko," na watoto wenzangu walinifanya nirudie maneno ili wacheke. Nilijifunza mapema kupima sauti yangu kabla ya kuitoa.

Baba alikuwa fundi redio. Kazi hiyo aliianza kambini, ambako redio moja iliyokufa ilikuwa msiba wa nyumba nyingi, na aliporudi akafungua kibanda karibu na soko. Watu walimletea redio kutoka Gatete na kutoka Bugarama juu huko. Wavuvi walimletea zao zikiwa na mchanga na magamba ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndani. Alikuwa na namna yake ya kusikiliza: aliinamisha kichwa, akafumba macho, akawa kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa mbali. Kisha alisema ugonjwa kabla hajafungua hata skrubu moja. Nilijivunia jambo hilo sana, hadi tulipopata gari.

Gari lenyewe lilikuwa limechoka tayari lilipotufikia. Lilitoka Japani, usukani ukiwa kulia, na Baba alilinunua kwa mfanyabiashara wa mawese aliyehamia Bujumbura, ili naye abebe mabidoni, yale madumu ya mawese, na watu wachache katikati yake. Redio ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani na masafa yake yaliishia chini, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haikuzifikia. Tulichoweza kusikiliza ni sidi tu. Kila Baba alipowasha injini, mwanamke fulani aliongea Kijapani, maneno machache, kwa adabu nyingi. Niliamini anatusalimia. Mama pia alifanya kama anaamini. "Amahoro," alimjibu kila asubuhi, na kuniambia nijibu na mimi, si vizuri mtu akusalimie unyamaze.

Tatizo lilikuwa muziki. Ulitoka kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Ngoma ulizisikia, nzito, zikivimba ndani ya milango, lakini maneno yalizama. Jirani yetu Djuma, aliyechukua samaki Magara na kuwapeleka mjini, alikuwa ametoa kiti cha nyuma cha gari lake na kuweka bafle mbili, spika kubwa kama makabati. Ulimsikia kabla hajakunja kona. Alikuwa kijana mcheshi, na hakupita kwetu bila kusema kitu.

"Fundi, gari yako iko naimba ndani ya sufuria," alimwambia Baba. "Acha nikutafutie bafle kule mujini."

"Zilizokuja nalo zinatosha," Baba alijibu.

"Zinatosha kufanya nini?"

Watu walicheka, na Baba alicheka nao. Mimi sikucheka. Niliona aibu ya fundi ambaye anatengeneza redio za wilaya nzima na yake inakoroma. Nilianza kudhani labda hajui kazi, labda zile redio zinapona zenyewe. Siku moja nikiwa kiti cha mbele nilizungusha kitufe kimoja, nikicheza tu, na ghafla sauti ikafunguka kidogo, kama dirisha. Mkono wa Baba ulikuja haraka, ukakirudisha.

"Acha. Nimeiweka hivyo," alisema.

Nikajua basi kwamba hajui.

Sidi tulizosikiliza zilikuwa karibu zote za kanisani. Kuna kijana aliyerekodi ibada za sikukuu, na Mama hakutaka kitu kingine ndani ya gari, kwa sababu yeye alikuwa mwimbaji wa korali. Ninaposema mwimbaji, sijui niseme vipi nieleweke. Mama aliimba alipotwanga sombe, majani ya muhogo, aliimba alipofua, aliimba akitembea kwenda sokoni na watu wakimsalimia katikati ya ubeti. Nyimbo zote za kambini alikuwa nazo kichwani, beti zote, hata zile ambazo wazee waliozitunga walikuwa wameshafariki bila kuziandika popote. Wenzake walikumbuka mwanzo na kiitikio. Mama alikumbuka yaliyo katikati. Kwangu mimi sauti yake ilikuwa ndiyo sauti. Nilizaliwa nikiisikia, nikalala nayo, na mtoto hana kipimo kingine. Kama wengine waliimba tofauti naye, nilifikiri wao ndio wamekosea.

Kisha korali ikapata nafasi ya kurekodi Bujumbura, kwenye chumba chenye kuta za sponji na mashine. Mama alirudi akiwa hazungumzi kitu kingine kwa siku kadhaa. Walimweka karibu na maikrofoni, alituambia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwatangulia kwa maneno. Leokadia, aliyeongoza korali, jirani yetu wa nyumba ya tatu, angeleta sidi ikiwa tayari, na Mama akawaalika wanakorali wote waje kwetu Jumamosi waisikilize pamoja. Umeme mtaani kwetu ulikuwa umekatika tangu katikati ya juma, na hakuna aliyejua utarudi lini. Chombo pekee kwetu kilichoweza kupiga sidi ni gari.

"Utaitengeneza ile redio," Mama alimwambia Baba.

"Inapiga."

"Inapiga ngoma. Nataka watu wasikie maneno."

"Wiki ijayo," Baba alisema.

"Watu wanakuja Jumamosi." Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Unatengeneza redio za Rumonge yote. Za wavuvi unatengeneza. Yangu mimi hapana. Sijui nimekukosea nini."

Baba alisimama, akaenda kulitazama gari. Nilimtazama, nikifikiri sasa ataumbuka, sasa itajulikana kwamba hawezi.

Jumamosi asubuhi alilisogeza gari kwenye kivuli cha ukuta na kushusha mabidoni yote. Nilidhani ataanza na waya na chuma cha kuchomelea. Alianza kwa kutoa takataka. Alikusanya kila kitu kilichokuwa kwenye mifuko ya milango, misumari, vizibo vya soda, miwani iliyovunjika. "Kila kinachotikisika kinaimba wimbo wake," aliniambia. Kisha akabandua plastiki za milango, na hapo ndipo ile harufu ikatoka. Ndani kulikuwa na spika ndogo, nyepesi, uso wake wa karatasi umejaa vumbi la barabara. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea. Alizikaza. Alikata sponji ya godoro kuukuu akaizungushia spika kama kola, ili sauti itoke mbele na isizunguke bure ndani ya mlango. Alipaka kole, ile gundi ya viatu, kwenye bati na kubandika vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, halafu akaligonga kwa kifundo cha kidole. Mwanzoni bati lilikuwa linalia kama debe tupu. Sasa lilitoa mlio mfupi, mkavu, kama ubao. Nyaya zilizoota kijani alizikwangua kwa wembe hadi zikang'aa.

"Spika za kiwandani si mbaya," alisema, akiongea zaidi na mlango kuliko na mimi. "Watu wanazisingizia. Huongezi kitu. Unaondoa kinachozuia."

Alipomaliza milango aliingia ndani na kuanza kubonyeza vile vitufe vya Kijapani, ambavyo kumbe alivijua vyote. Sauti nzito ilikuwa imejazwa hadi mwisho, akairudisha katikati. Sauti nyembamba ilikuwa imefutwa kabisa, akaipandisha. Muziki wote ulikuwa umesukumwa nyuma, kwenye spika ambazo siku zote zilikuwa zimezibwa na mabidoni, akauvuta mbele. Kisha akakaa kiti cha dereva, akafumba macho, akausogeza kidogo upande wa kushoto, kwa sababu, alinieleza, spika ya kulia iko karibu sana na sikio lake na itaimeza ile nyingine. Akaweka sidi ya gitaa aliyokuwa nayo kibandani. Nilisikia vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi. Sikuwa nimewahi kujua kwamba ndani ya gitaa mna vidole.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Baba yangu alikuwa fundi. Nilitaka Djuma apite wakati ule ule.

"Baba, kwa nini hukufanya hivi zamani?" nilimuuliza.

Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. "Mama yako ameshaalika watu," alisema, na mimi sikuona kwamba hilo halikuwa jibu.

Walikuja mchana baada ya chakula, wamevaa vitenge vya kanisani kana kwamba ni Jumapili. Tuliwatolea mabenchi na mikeka. Djuma naye alikuja, akaegemea ukuta akiwa na mkono mfukoni, na Baba alipowasha redio kidogo kuijaribu, Djuma akainua nyusi. "Eh, Fundi," alisema. "Kumbe ulikuwa unatuficha." Nilivimba kifua. Leokadia alitoa sidi kwenye mkoba, Mama akaipokea kwa mikono miwili, akampa Baba dirishani. Milango yote minne ilikuwa wazi. Mama alisimama karibu kabisa, chupa ya chai mkononi, akitabasamu kama msichana.

Kinanda kilianza, kisha ngoma, kisha sauti. Zilitoka safi, zimepangana, ukaweza kuhesabu watu. Wanawake walianza kunyosheana vidole, huyu ni wewe, huyu ni mimi, wakacheka kwa raha. Halafu ukaja ubeti, na Mama akaingia.

Sauti yake ilikuwa mbele ya zote. Ilikuwa chini kidogo ya mahali ilipopaswa kuwa. Wenzake walipopanda, yeye alipanda nao, akaikosa ngazi ya mwisho, na akabaki pale pale kwa nguvu zote, bila kutetereka, akitamka kila neno waziwazi. Maneno yalisikika kama alivyotaka. Kanisani, chini ya mabati, kati ya ngoma na vigelegele na watoto wanaolia, sauti ile ilikuwa imejificha miaka yote bila mwenyewe kujua. Sasa haikuwa na mahali pa kujificha. Baba alikuwa ameondoa kila kinachozuia.

Niliangalia nyuso za watu. Nilitegemea kuona mshangao, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshtuka kama niliyemwagiwa maji. Hakuna aliyeshangaa. Walitazama chini, walitazama bata wetu, mmoja akaanza kukunja upya kitenge chake. Djuma, ambaye hakukosa neno, aliinama kuangalia tairi. Ndipo nikajua kwamba wote walijua. Leokadia alijua. Kanisa zima lilijua. Tuliokuwa hatujui tulikuwa wawili, mimi na Mama.

Mtoto mmoja wa mwanakorali alicheka, na mama yake akamzaba kofi haraka. Kofi lile ndilo lililomwambia Mama kila kitu. Niliona tabasamu lake likibaki usoni baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake.

Mkono wa Baba ulikwenda kwenye kitufe.

"Acha iimbe," Mama alisema.

Iliimba hadi mwisho. Sijawahi kuujua wimbo mrefu kama ule. Ulipoisha Mama alifungua chupa. "Chai ipo," alisema. "Kunyweni kabla haijapoa." Alimimina kikombe baada ya kikombe, hakumwaga hata tone, na walipokuwa wanaondoka alimshukuru kila mmoja mlangoni, murakoze, murakoze cane, kama mtu anayewaaga waliokuja msibani.

Kuanzia siku hiyo hakuimba. Alitwanga sombe na ulisikia mchi tu. Sikuwa nimejua nyumba yetu ilivyo na kelele ndogo ndogo, paka, mlango, mvuke wa sufuria, kwa sababu siku zote zilikuwa chini ya sauti yake. Kwenye bomba la maji wasichana walijifunza kumwigiza. Walipanda, wakakosa ngazi ya mwisho, wakaibana sauti hapo huku wametoa macho, na walifanya vizuri kiasi kwamba mara moja niligeuka nikidhani ni yeye. Nilianza kwenda kuchota maji mapema kabla hawajafika.

Akili yangu ya kitoto ilipata mwenye makosa. Sauti ya Mama ilikuwa nzuri maisha yangu yote. Baba aliigusa redio asubuhi, na mchana sauti ikawa mbaya. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeiharibu, kwa sponji yake na mpira wake. Nilimfuata kibandani nikamwambia.

"Umeharibu sauti ya mama. Irudishe kama zamani."

Alikuwa ameshika redio ya mvuvi, ameifungua tumbo. Akaiweka chini.

"Sikuiharibu, mwanangu."

"Ulibandika vitu. Vitoe."

"Nikivitoa ataniuliza kwa nini," Baba alisema. "Nitamjibu nini?" Aliniuliza kweli, kama mtu anayemuuliza mtu mzima, nikaogopa, nikakimbia kurudi nyumbani.

Kanisani Mama alianza kukaa nasi kwenye mabenchi. Alisema koo linamsumbua. Jumapili ya kwanza korali waliimba viitikio tu. Ya pili walijaribu wimbo mzima wakapotea katikati, kila mmoja akienda na maneno yake, hadi Leokadia akalazimika kuwanyamazisha kwa mkono mbele ya watu. Wiki hiyo alikuja kwetu. Walikaa uani, mimi nikiwa jikoni mlango uko wazi.

"Mama Estella, rudi," Leokadia alisema. "Bila weye tuko napotea."

"Mlikuwa mnajua," Mama alisema.

Leokadia hakujifanya haelewi. "Tulikuwa tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulifika. Nilifikiri pole pole itanyooka. Kisha nikaizoea. Halafu nikaona haya kukuambia, miaka imepita." Alimsogelea. "Sisi tuko na sauti, lakini maneno hatuna. Maneno iko kwako."

"Murakoze kuja," Mama alisema, na akasimama, na mgeni anajua maana ya mwenyeji akisimama.

Baba na Mama walikuwa wanaongea mambo ya chumvi na mkaa tu. Halafu siku moja tulikwenda Magara kuchukua samaki kwa ajili ya dada yake Baba, aliyekuwa anamwoza binti yake. Ilikuwa asubuhi, wavuvi wamerudi, ndagala zimetandazwa mchangani zinang'aa hadi macho yanauma, na wachuuzi wanagombania vikapu. Baba aliegesha kando ya barabara. Tulipokuwa tunataka kushuka Mama akasema, "Weka ile sidi."

Baba alimtazama.

"Iko kwenye kisanduku mbele yako. Iweke. Estella, pandisha vioo."

Tulipandisha vioo vyote. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Mama alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, mikono mapajani, na niliona anajisikiliza kama Baba anavyosikiliza redio ya mtu, kichwa kimeinama. Mimi nyuma nilitamani kuzama kwenye kiti. Wimbo ulipoisha alimfanyia Baba ishara azime.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu kambini."

"Ndiyo maana redio ilikuwa vile."

"Ndiyo."

"Miaka yote. Djuma anakucheka, watu wanakucheka, unafunika tu."

Baba aligusa usukani. "Jioni walipokuwa wanafanya mazoezi kule kambini, nilikuwa nakaa nje nasikiliza," alisema. "Sauti ziko nyingi, sijui nani ni nani. Yako tu ndiyo niliyoweza kuitambua. Nilikuwa naijua kabla sijakuona uso. Nikawa nakuja kwa ajili ya hiyo."

Nilingoja Mama alainike. Hata mimi, mtoto, nilihisi kwamba neno zuri limesemwa. Lakini Mama aligeuka kumtazama na macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Uliniacha nisimame mbele ya watu," alisema. "Uliona aibu kwa ajili yangu, ukaificha, ukaniachia mimi niikute siku moja na chupa ya chai mkononi. Ungeniambia ndani ya nyumba. Ningelia ndani ya nyumba."

Baba aliachia usukani. "Nimekosa," alisema.

Mama alishuka. Tulimwona akitembea mchangani kati ya ndagala, akasimama kwa mwanamke mmoja mchuuzi, wakabishana juu ya bei ya samaki wa mukeke kwa muda mrefu, mikono ikipaa. Aliporudi na kikapu alinuka ziwa na alikuwa anapumua kama mtu aliyefanya kazi. Alikaa, akafunga mlango, ule mlango mzito usiolia tena.

"Usirudishe ule uchafu," alimwambia Baba. "Redio iache ilivyo."

Baba aliwasha injini, tukarudi nyumbani.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na wageni kanisani, watu wa Bugarama, na mabenchi yalijaa. Niliketi kati ya Baba na mama mmoja mgeni. Korali ilipoitwa, Mama, ambaye alikuwa mwisho wa benchi letu, alisimama. Alipita mbele za magoti yetu, akatembea hadi mbele, akasimama mwisho wa mstari. Leokadia alimsogezea nafasi bila kumtazama, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

Aliimba. Sasa nilijua kusikia, na masikio yakishajua hayasahau. Sauti yake ilikuwa pale pale, chini kidogo, imara, na maneno yote yalikuwepo, na wenzake walimshika mkono kwa maneno hayo wakavuka ubeti baada ya ubeti. Nilihisi vichwa vikiegemeana nyuma yangu. Nilikaza macho kwenye viatu vyangu. Baba pembeni yangu alikuwa ameinua uso kabisa.

Mama mgeni aliniinamia. "Ni nani ule anaimba vile?"

Nilijifanya sikusikia.

"Ule wa mwisho. Unamujua?"

Nilisema, lakini midomo haikufunguka vizuri.

"Nani?"

"Ni mama yangu," nilisema, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na wakati ule ule ngoma ikawa imekatika kati ya ubeti na ubeti, na kanisa zima likasikia.

Watu waligeuka. Uso ulinichoma hadi machozi yakanitoka. Kule mbele Mama alikuwa ananitazama, na sikuweza kusoma chochote kwenye macho yake, ila niliona ananitazama mimi tu. Leokadia alikuwa ameinua mkono, anangoja. Mama akavuta pumzi, akaanza ubeti uliofuata chini kidogo ya mahali ulipopaswa kuanzia, na wote wakamfuata.